Dodoma kwa Futi Kamba

Nina madaftari kumi na moja ya vipimo. La kwanza ni la mwaka 1982, daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. La mwisho liko mezani sasa hivi, chini ya mkasi. Mke wangu amejaribu mara mbili kuyawashia moto wa mkaa. Kila ukurasa una jina la mteja, bega, kifua, mkono, kiuno, nyonga, urefu, kisha alichotanguliza na kilichobaki. Wazee wenzangu wakianza kubishana hapa barazani kwangu, Majengo, kama Dodoma ya zamani ilikuwa bora au mbovu kuliko ya leo, mimi huwaacha kwanza wapandishe sauti, halafu navuta daftari.

Chukua kiuno. Katika daftari la 1983 na la 1984 wanaume wazima wanakwenda 28, 29, 30. Yumo karani mmoja wa serikali mwenye 33, na pembeni ya jina lake nimeandika "mnene", nisije nikamchanganya na mwingine. Leo 33 ni kijana wa chuo. Wiki iliyopita nimempima afisa wa wizara, hajafika miaka arobaini, inchi 42, naye akavuta pumzi ndani nikiwa nimeinama, kama wote wanavyofanya. Sisemi kwamba nimefanya utafiti. Nasema nilichopima.

Nimezaliwa Mvumi, na nilipokuwa mtoto mdogo tulihamishwa kutoka kwenye tembe letu, ile nyumba ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, tukapangwa kwenye mistari ya kijiji kipya. Ilikuwa Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, kabla nchi nzima haijaingizwa kwenye vijiji. Mama yangu alihama na kaniki mbili, moja mwilini, moja ya kubebea mtoto. Kaniki ni kitambaa cheusi cha pamba, hakishonwi, kinafungwa tu. Kwa hiyo nyumbani kwetu fundi cherehani hakuwa mtu wa lazima. Nilipomwambia mama nakwenda mjini kujifunza ushonaji aliniuliza, "Utamshonea nani?" Swali lile lilinisumbua kwa miaka mingi kuliko alivyokusudia.

Mjini nilifika 1981, nikapokewa na mzee mmoja wa Kirangi kutoka Kondoa, aliyekuwa na Singer ya kukanyaga kwenye baraza la duka la vitambaa, mtaa wa Uhindini. Ndivyo kazi ilivyopangwa siku zile: Mhindi ndani na majora, fundi nje na cherehani, mteja anapita kwa mmoja kumfikia mwingine. Mzee hakulipa kodi wala hakupokea mshahara; alichukua wateja. Mwaka wa kwanza sikugusa mkasi. Nilikanyaga, nilichoma vifungo, nilipuliza pasi ya mkaa na kuokota pini. Upepo wa Dodoma mnaujua. Kuanzia Juni mpaka Oktoba vumbi jekundu liliingia kwenye mafuta ya mashine na kila jioni tuliifungua, tukaifuta kwa mswaki wa zamani, tukaifunga.

Kilichokuwa kigumu kupatikana ni kitambaa. Viwanda vilikuwepo, Urafiki pale Dar es Salaam, Mwatex kule Mwanza, Mutex kule Musoma, na pamba tulikuwa tukilima wenyewe. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekomba hazina, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni za kununulia vipuri hakuna, mashine zinasimama. Kilichofumwa kiliingia kwa kampuni ya biashara ya mkoa, tuliyoiita kwa kifupi RTC, kikateremka kwenye maduka ya ushirika, kikafika kwa balozi wa nyumba kumi akiwa na orodha yake. Doti moja ya khanga kwa kaya, ikibahatika. Balozi akikusahau, umesahauliwa. Nimewaona watu wazima wakibeba maji ya balozi.

Basi katika daftari la 1983 kazi nyingi si za kushona nguo mpya. Nimeandika "kola" mara nyingi kuliko neno lolote. Kola ya shati huchakaa pale inapokunjika, shingo inapokwaruza. Ukiifungua kwa wembe taratibu, ukaigeuza upande wa chini uje juu, ukairudisha, shati linapata miaka miwili mingine. Kuna mashati niliyageuza kola, kisha nikakata mikono mirefu kuwa mifupi ili nipate kitambaa cha kutengenezea kola mpya kabisa. Niliunga kaptula kutokana na magunia ya unga wa msaada, ule wa mahindi ya njano tuliouita Yanga. Mtoto anakimbia na maandishi ya Kizungu makalioni. Na kila mshono tuliacha akiba. Inchi moja na nusu ndani ya ubavu wa koti, nyingine nyuma ya suruali, kwa sababu nguo haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa ya baba, kisha ya mkubwa, kisha ya anayefuata. Kumbukeni hiyo akiba, nitairudia.

Wazee wa barazani wana msemo wao: zamani pesa ilikuwapo, vitu havikuwapo, siku hizi vitu vipo, pesa haipo. Unasemwa Tanzania nzima, na kila anayeusema anatikisa kichwa kana kwamba ameutunga yeye. Daftari langu halikubaliani nao. Tazama safu ya "alichotanguliza". Mtu wa Hombolo: zabibu, alilipa baada ya mavuno. Mtu wa Bahi: perege wakavu, fungu moja. Mwingine: debe la uwele. Mwingine: jogoo, na nimeandika "mwekundu", sijui kwa nini. Pesa ilikuwa kwa mwenye mshahara, mtu wa reli, mwalimu, mtu wa ofisi. Mgogo wa kijijini, anayetegemea mvua ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, tena isiyo na hakika, hakuwa na pesa wala kitu. Msemo ule ni kumbukumbu ya makarani.

Machi 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi. Waziri Mkuu Sokoine aliitangaza na nchi ikatetemeka kwelikweli, na sisemi kwa kejeli, maana walanguzi walikuwa wametukamua. Lakini hofu haikuchagua. Mwenye bidhaa bila risiti alizitupa. Mwenye risiti naye alitupa, kwa kutokuamini risiti yake. Asubuhi moja korongoni, nyuma ya Chang'ombe, tulilikuta jora zima la tetroni ya bluu, halina hata tope. Watu wakajaa juu ya ukingo, wakalitazama kama wanavyotazama maiti. Hakuna aliyeshuka. Mbuzi walilinusa wakaliacha. Nilipita tena jioni, lipo. Asubuhi ya pili halipo. Miezi michache baadaye niligundua kwamba nusu ya Chang'ombe inavaa suruali za bluu. Mimi sikuuliza. Zile kumi na nne zilizoletwa kwangu nilizishona.

Sokoine mwenyewe aliondoka hapa Dodoma tarehe 12 Aprili 1984, Bunge limekwisha, akielekea Dar es Salaam kwa barabara, akafa kwa ajali pale Dakawa, Morogoro. Redio ya duka ilikuwa imewashwa. Mwenye duka, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa halali usiku kwa ajili ya mtu huyo, aliizima, akakaa chini kwenye kiti chetu cha wateja. Halafu akakata jora la kitambaa cheusi bila kutoza, akasema washonee watu vitambaa vya mkononi. Ukurasa wa wiki ile hauna vipimo. Mkono wa mtu kwa kitambaa cha msiba haupimwi.

Nisije nikaonekana nalilia shida tu. Mji ulikuwa mdogo na ulikuwa na mambo yake. Tulikuwa na timu ya mpira inaitwa CDA na nyingine inaitwa Waziri Mkuu, zote za ofisi, na mgeni aliyesikia pale Jamhuri watu wakipiga kelele "Waziri Mkuu kafungwa!" alitafuta njia ya kituo cha treni. Televisheni Tanzania Bara haikuwepo, ilikuja 1994. Tulikuwa na redio, Mazungumzo Baada ya Habari, na muziki wa dansi Jumamosi. Na vijijini kulikuwa na harusi za ngoma ya muheme, wanawake wameweka ngoma katikati ya mapaja na miguu imejaa vumbi. Mtu wetu Hukwe Zawose alikuwa ameshauchukua muziki huo, ilimba na zeze, akaufikisha Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa na baadaye duniani. Sisi tuliobaki tulidhani ni ngoma za nyumbani tu.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na ahadi. TANU iliamua Oktoba 1973 kwamba makao makuu ya nchi yatahamia Dodoma katika miaka kumi. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, hiyo CDA, Sir George Kahama akiiongoza, na 1976 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, wakatoa ramani ya mji wa vitongoji vyenye njia za miguu na baiskeli na ukanda wa miti. Kwa hiyo nilipoingia kazini, Area A, Area C na Area D zilikuwa zimeshachorwa na kupewa herufi kama vipande vya suruali kabla ya kuunganishwa. Mji wetu ulikuwa nguo iliyokatwa ikawekwa kwenye mfuko, ikisubiri mwenyewe aje kujaribisha. Miaka kumi ilipotimia, 1983, nchi ilikuwa inageuza kola. Mwenye nguo hakuja. Walikuja wajumbe wa Chama, CCM, kwa mikutano, wakiwa na Kaunda suti zilizoshonwa Dar es Salaam. Kwetu walileta vifungo vilivyong'oka.

Kilichokuja badala yake ni mitumba. Bajeti ya 1984, chini ya Waziri wa Fedha Msuya, iliruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Mwinyi akashika urais na watu wakambatiza Mzee Ruksa. 1986 ikasainiwa mikataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola iliyokuwa kama shilingi 8 mwanzoni mwa muongo ikavuka 40. Maduka yakajaa. Na katikati ya vitu vyote hivyo marobota ya nguo zilizovaliwa na wengine yakafunguliwa kwenye turubai pale sokoni. Hatukuyaita mitumba kwanza. Tuliyaita kafa Ulaya, kwa maana hakuna aliyeamini kwamba mtu mzima mwenye akili timamu atavua koti zuri namna hii angali hai.

Daftari la 1987 ni jembamba. Ukurasa mmoja unanitosha mwezi. Fundi mwenzangu upande wa pili wa baraza aliuza mashine akanunua baiskeli. Mzee wangu wa Kondoa alitazama shati la mtumba, akaligeuza ndani nje, akasoma mshono wake kwa kidole kama msahafu, akasema, "Huyu alikuwa na ovaloki." Akarudi Kondoa mwaka huohuo. Cherehani aliniachia.

Nilichonusurika nacho ni neno jipya lililoingia daftarini: "kupunguza". Marehemu wa Ulaya walikuwa wakubwa. Suruali zao zilikuja na kiuno cha 36, 38, na wateja wangu walikuwa bado na 29. Nilikata, nikaingiza, nikapandisha pindo. Nikawa fundi wa kumfanya Mzungu atoshe kwa Mgogo. Miaka kumi na zaidi nimekula ugali wa kazi hiyo. Wasomi hueleza kifo cha viwanda vya nguo kwa maneno makubwa na wako sahihi. Mimi nilikiona kwenye mapipa: mabaki ya Urafiki yakaisha, yakabaki mabaki ya jinzi.

Miaka ya tisini nitaipita mbio. Wabunge walianza kufanya vikao vyao hapa kwa kawaida, 1995 Chama kikamteua Mkapa kugombea urais pale Chimwaga, wageni wakajaza nyumba za kulala wageni wiki tatu, wakaondoka, mji ukalala tena. Sare za shule, majoho ya kwaya. Joho la kwaya ni kazi nzuri, halina kiuno.

Kisha tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, Rais Magufuli akasema hapahapa mjini kwamba serikali inahama. Tulishangilia kwa adabu. Tulikuwa tumeshangilia tangu 1973. Lakini Septemba ile Waziri Mkuu Majaliwa akahamia kweli, na mwaka uliofuata CDA ikavunjwa, ile iliyokuwa ikitupa hati za viwanja za miaka 33, hati yenye maisha mafupi kuliko Singer yangu. Aprili 2018 tukaitwa Jiji. Sensa ya 2012 ilikuwa imewakuta watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikakuta 765,179. Na ule Mji wa Serikali, wizara zote kwa pamoja, ukajengwa upande wa mashariki, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam, mahali panapoitwa Mtumba.

Nilicheka peke yangu mpaka mke wangu akatoka ndani. Majina yamegongana tu, kijiji kilikuwa na jina lake kabla ya marobota. Lakini fundi aliyeangushwa na mtumba wa kwanza akiinuliwa na Mtumba wa pili ana haki ya kucheka.

Maana wateja walikuja. Daftari la 2019 limejaa ndani ya miezi mitano. Wanawake wa wizara hasa: gauni la kitenge la Ijumaa, sketi ya ofisini, suti. Wanakuja na mshono kwenye simu, picha ya mwanamke wa Lagos au Accra, na wanataka huohuo. Nimenunua mashine ya umeme na ovaloki, nimeajiri vijana watatu, mmoja ni binti wa Mpwapwa ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake, simwambii. Kodi ya fremu nayo imepanda mpaka sitaki kuiandika. Jirani zangu wa siku nyingi, wenyeji, wameuza wakasogea Nala, Veyula, na mbele ya hapo. Barazani kwangu sasa nasalimiwa "mambo" kwa lafudhi ya Kilimanjaro na ya Kagera, na ninapoitikia "mbukwa" kijana ananiuliza ni lugha gani. Halafu anatafuta nyama ya mbuzi ya mnada wa Msalato na kuisifu kwamba ndiyo Dodoma. Nyama ni tamu, simkatazi.

Treni imebadilisha kitu ambacho sikutarajia. Ile ya zamani iliondoka Dar es Salaam jioni ikatufikia asubuhi, ikiamua. Nilikuwa nikiagiza uzi kwa mtu wa reli na kuusubiri wiki. Tangu hii ya umeme izinduliwe rasmi Agosti 2024, mteja anapanda alfajiri, saa nne na ushee yuko Kariakoo, anachagua kitenge kwa bei ya jumla, na jioni yuko mlangoni kwangu anauliza kama kesho kutwa inawezekana. Muuza vitambaa wa Dodoma analalamika. Mimi ni fundi, kitambaa kikitoka Kariakoo au Uhindini, mwili ni uleule.

Kazi kubwa ya sasa lakini ni sare za harusi, na hapa ndipo wazee wananikasirikia ninaposema. Wao wanakumbuka orodha ya balozi kwa uchungu. Sasa tazama harusi: kuna kamati, kuna mwenyekiti, kuna kundi la WhatsApp, jina lako limeandikwa na kiasi ulichoahidi mbele yake, na kila asubuhi mweka hazina anairudisha orodha juu ili uione. Kuna rangi. Usipokuwa na rangi hukai meza ile. Mwezi jana nimeshona magauni 26 ya kitenge kimoja kwa akina mama wa send-off moja, na nilipowapima nikagundua wawili wao wamekopa fedha ya kitambaa, kila mmoja akinieleza kwa kunong'ona nimsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Safu ya "kilichobaki" katika daftari hili ni ndefu kuliko ya 1983. Zamani niliwadai wenye njaa. Leo nawadai watu walioshiba, wenye kiuno cha 40, na sijui daktari wa uchumi anaiitaje hali hiyo. Wakati ule foleni ilisimama mbele ya duka kila mtu akiiona. Ya leo inasimama ndani ya simu.

Jumatatu alikuja kijana wa Mtumba, amevaa kitambulisho shingoni bado, na mfuko wa plastiki mgumu. Akatoa koti la Kaunda suti, kijivu, mikono mifupi, mifuko minne. Baba yake alikuwa mtu wa reli, amefariki mwaka jana. Kijana anaoa Desemba, anataka alivae siku ya kuchumbia. Nililigeuza ndani nje kabla hajamaliza kueleza. Mshono ulikuwa wangu. Vifungo nimevichoma kwa msalaba, mzee wa Kondoa ndivyo alivyonifunza. Nikavuta daftari la 1986. Jina la baba lipo. Kifua 36. Ametanguliza: sabuni miche miwili.

Nikampima mwana. Kifua 41.

Nikachukua wembe, nikafungua ubavu mmoja, taratibu, uzi ukatoka mzima kama umeshonwa jana. Akiba ilikuwepo, inchi moja na nusu yenye rangi ya kijivu kibichi, haijawahi kuona jua. Upande wa pili vilevile. Jumla inchi tatu. Kijana akauliza, "Sasa mzee, zitatosha?" Binti wa Mpwapwa akasimamisha mashine yake kusikiliza. Nikamwambia zimepungua mbili, nitaweka kipande chini ya kwapa, cha rangi inayokaribiana, asinyanyue mikono sana mbele ya wakwe.

"Nije lini?"

"Ijumaa."

Binti akacheka, maana Ijumaa yangu anaijua.